Namba 10 Imehama

Betri ya gari haina adabu ya kuaga. Mgonjwa mwingine huanza kwa kukohoa, nanyi mkajiandaa. Yangu jana jioni iliwasha gari vizuri tu. Leo asubuhi nimechelewa, nazungusha ufunguo, nasikia tik, tik, tik, kama mjusi ukutani anayenisikitikia.

Nikaapa simwiti fundi. Kubadilisha betri ni kazi ya spana moja tu, namba 10. Sasa boksi langu lina namba 8, lina namba 12, lina namba 17 tatu ambazo sijui zimezaliana lini. Namba 10 hakuna. Namba 10 huwa inahama nyumba.

Jirani akaniazima yake, akaisindikiza na mdomo wake. "Zima gari kwanza!" Ndugu yangu, hili gari nizime nini tena? "Anza na hasi!" Hapo sikubisha. Bodi zima la gari limeungwa na upande wa hasi wa betri, kwa hiyo ukianza kufungua chanya, spana ikigusa chuma chochote pembeni inapiga shoti. Cheche zitaruka, na betri nayo hutoa gesi ya haidrojeni, gesi isiyojua utani. Kufunga ni kinyume: chanya mwanzo, hasi mwisho.

"Na pete, vua." Kweli, pete ikipiga shoti hiyo inageuka kaa la moto kidoleni. Nikahangaika nayo kwa sabuni hadi ikatoka. Wakati huohuo mama watoto naye akatoka nje. Akatazama kidole. Akamtazama jirani. Akanitazama mimi.

"Nimeivua kwa sababu ya volti 12."

"Volti 12 anaitwa nani?"

Jirani, aliyekuwa na ushauri wa kila kitu tangu alfajiri, ghafla akakumbuka ana shughuli kwake.

Nikabaki na glavu zangu, nasugua ule ukungu mweupe wa kwenye ncha kwa maji na magadi. Kisha nikafungua kibano na kuinua betri. Ni risasi na asidi, kilo 15 na ushee, nyanyua kwa nguvu za miguu, usiilaze. Mimi nilinyanyua kwa kiuno, na kiuno kimelipokea jambo hilo vibaya. Chini yake, kwenye trei, nikakuta spana namba 10. Yangu. Ina kutu, imejilalia humo tangu betri iliyopita.

Mpya nikaifunga, gari likawaka mara moja. Ile ya zamani naipeleka nilikonunua mpya, maana risasi haitupwi jalalani. Saa ya gari imerudi saa sita kamili. Redio inadai namba ya siri ambayo sijawahi kupewa. Na mama watoto bado yuko mlangoni, mikono kiunoni, anauliza pete niliiweka wapi.

Nimefungua boneti tena.