Kidole, Omena na Kikoi

Najua mshaipata. Ile habari ya mbwa wangu Tufani "kumtoa mwenyewe matembezi" yazunguka tangu jana jioni, na aliyeirusha anajijua, maana asubuhi ya leo tumekula naye mahamri akinitazama kwa upole kama hana lolote. Sasa niacheni niseme mwenyewe. Kwanza, sikulia. Ulikuwa moshi wa viazi karai.

Mwenye mbwa wa mwaka mmoja ataniunga mkono. Tufani keshamaliza champali jozi tatu, fagio la makuti, na mpira wa tenisi uliodumu muda wa kuchemka chai. Kamba nilimnyang'anya, daktari wa mifugo kanambia nyuzi zikimezwa zaweza kuziba utumbo. Mfupa nao, akasema, kitu ukikibonyeza kwa ukucha kisibonyee hata kidogo, hicho chavunja meno. Tafuta mpira wa raba nzito, wazi ndani, mkubwa asiweze kuumeza, umjazie chakula ahangaike nao. Na uwe na matundu mawili. Akarudia: mawili. Mie nilishasikia "chakula" nikaridhika.

Dukani Nyali wakataka shilingi 1,800. Kongowea mchuuzi alikuwa nao wa 300. Tundu moja. Kwani hilo la pili la nini, la kupunga upepo? (Msicheke, hamjafika.)

Basi jana Ijumaa, mchana, nimekaa barazani kwangu Kisauni na kikoi changu, nashindilia ugali na omena. Omena wakakwama. Nikauminya mpira, nikazamisha kidole cha shahada mpaka mwisho, nikauachia. Ukaninyonya. Nikivuta, nao wavuta. Sabuni, mafuta ya nazi, dua. Kidole kikaanza kugeuka zambarau. Hapo ndipo Tufani alipoamka.

Hili nataka mlione polepole, maana mwenzenu naliona hivyo kila nikifumba macho. Tufani ananusa. Anautazama mpira, ananitazama mimi, anautazama mpira. Anaushika kwa meno, kwa adabu kabisa, kama mgeni anayepokea kikombe cha kahawa. Halafu anaondoka. Mpira unaondoka. Kidole kinaondoka. Na mie, mtu mzima wa kilo 90, nyuma yao, nimeinama kama niliyeangusha sarafu, mkono wa pili umekamata kikoi kilichoanza kulegea.

Tukapita kwa mama wa viazi karai. "Mwanangu, waenda wapi?" Nikamjibu shikamoo. Sikuwa na jibu jingine.

Tukakata kona ya msikiti, na swala ndiyo kwanza imetoka. Kanzu nyeupe, kanzu nyeupe, kanzu nyeupe. Jirani yangu, mzee ambaye mie humwita Ami, akaliona jibwa linakuja na mate yananing'inia. Akaipandisha kanzu hadi magotini.

"Mzuie huyo! Nisije nikaifua hii mara saba na mchanga juu!"

"Nimzuie kwa kidole kipi, Ami?"

Watu wakapasua kicheko. Nami, kwa heshima, nikainua mkono kuomba radhi. Mkono ule mwingine. Ule wa kikoi.

Ndani nilikuwa na kaptura, wallahi, ya rangi ya machungwa, na anayewaambia vingine ni mwongo, tena alikuwa mbali juu ya bodaboda.

Yaliyobaki mafupi. Fundi wa pancha akamkemea Tufani, akanikalisha juu ya tairi, akautoboa mpira upande wa pili kwa msumari wa moto. Pfuuu. Kidole hicho nje. Shilingi 50. Daktari nilipompigia akasema heri kidole changu, ungekuwa ulimi wa mbwa ungenyonywa vile vile ukavimba humo humo, na kazi ya tundu la pili ni kuingiza hewa. Akanipa pole, akaaga haraka, lakini hakuwahi kukata kabla sijamsikia akianza kucheka.

Kwa hivyo sasa ninao wa matundu mawili, kama ule wa Nyali. Tufani hautaki hata kuuona. Yuko barazani, anatafuna kikoi.