Uchumi unakua, mimi nakonda

Jamani huu uchumi unaokua kila siku unakulia kwa nani? Nikiwasha redio naambiwa umepaa, nikishika pochi nasikia upepo. Halafu anakuja mtaalamu na tai yake eti bei kupanda ni homa tu ya ukuaji, nitulie. Nitulie na nini sasa?

Kinyozi wangu kapandisha bei. Mashine ile ile, kiti kile kile kilichochanika, na nywele zenyewe zimebaki za pembeni tu, nikamuuliza kaka kilichoongezeka hapa ni nini? Akasema viwanda vipya vinalipa vizuri, asipomuongezea kijana wake mshahara kesho atasikia yuko huko anafunga maboksi. Yaani kiwanda kimeweka mitambo kinazalisha mara mbili kwa hiyo kinamudu kulipa, ila kichwa changu hakinyoleki mara mbili kwa saa, basi ile nyongeza naibeba mimi mwenye upara.

Na hizo dola za wawekezaji msizipigie vigelegele sana. Zikimiminika, benki kuu inazinunua ili sarafu ya nchi isipande ikawaumiza wanaouza nje, inalipia kwa pesa ya ndani, mabenki yanavimbiwa yanaanza kukopesha hata ambao hawajaomba. Vietnam walijiunga na Shirika la Biashara Duniani (WTO) Januari 2007, dola zikamiminika, mwaka huo huo mikopo ikakua kwa zaidi ya nusu, 2008 mfumuko wa bei ukapita asilimia 20. Sawa, mafuta na chakula vilikuwa juu dunia nzima, lakini pesa nazo zilikuwa zinazagaa bwana.

Mageuzi ya uchumi ndo usiseme. Wanaondoa ruzuku, wanashusha sarafu, wanaachia bei zijitafute, zinajitafuta weee zinajikuta juu. China 1988 serikali ilitangaza tu kwamba itaachia bei, watu wakavamia benki kutoa akiba na kuzoa madukani hata vitu wasivyo na kazi navyo, mpaka mpango ukarudishwa kabatini. Mimi nawaelewa kabisa, ningekuwa wa kwanza kwenye foleni na toroli.

Mwenye nyumba wangu yeye hata hasubiri bei zipande. Kasikia mwakani mambo yatakuwa magumu, kaongeza kodi leo "ili nisije nikachelewa." Nikamwambia sawa mzee, basi na mimi ngoja bosi aanze kunilipa mshahara wa mwakani. Akacheka sana, akanipiga begani, akasema tarehe moja anakuja mwenyewe kuchukua.