Hafla ya Kufunga Mwaka Ipimwe kwa Wanaopiga Makofi

Kila mwaka unapoelekea ukingoni, makazini huzuka ubishi uleule. Kamati ya maandalizi ikishatangaza tarehe ya hafla, na majina ya wanaotajwa kuwa wafanyakazi bora yakianza kunong'onwa, watu hugawanyika. Wapo wanaosema gharama za ukumbi, muziki na ngao zingegawanywa kwa kila mmoja, angalau zingemfaa mtu nyumbani kwake. Wapo wanaosema mtu aliyejituma miezi kumi na miwili ana haki ya kuitwa kwa jina lake mbele ya wenzake, hata kama ni kwa dakika mbili. Nimewahi kuwa upande wa kwanza, nikahamia wa pili, na leo naona pande zote mbili zimekodolea macho jukwaa. Mimi naomba tugeuze shingo, tuwatazame walioketi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kampuni yenye watu 200 ikitoa tuzo 10, watu 190 wataondoka mikono mitupu. Hao 190 ndio watakaofungua ofisi, maghala na kaunta siku ya kazi inayofuata. Kwamba washindi watafurahi halina mjadala. Swali zito ni hili: aliyepiga makofi amerudi nyumbani akiwaza nini?

Nianze na wanaodai fedha, maana hoja yao hupuuzwa haraka mno na mameneja. Mahali ambapo mishahara huchelewa, malipo ya saa za ziada yanadaiwa na nyongeza imekuwa ahadi ya kila mwaka, ngao ya kioo ni dharau hata kama aliyeiagiza hakukusudia hivyo. Mfanyakazi anajua kupiga hesabu. Akiuona ukumbi umepambwa huku madai yake yako kwa mhasibu tangu Juni, haoni shukrani pale. Anaona kwamba kumbe fedha zilikuwepo. Kwa kampuni ya namna hiyo nasema waziwazi: hafla iahirishwe, madeni yalipwe kwanza.

Lakini pale ambapo stahiki za watu ziko sawa, dai kwamba fedha peke yake ndiyo motisha halisimami. Mwaka 2011 wachumi Michael Kosfeld na Susanne Neckermann walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi walioajiriwa kwa muda kuingiza taarifa kwenye kompyuta. Baadhi yao waliambiwa kwamba atakayefanya vizuri atapewa kadi ya pongezi, na hapakuwa na hata senti moja juu ya kadi hiyo. Kazi yao ilizidi ya wenzao kwa asilimia 12 hivi. Matokeo hayo hayanishangazi. Wapo watu waliokwisha kustaafu ambao vyeti vyao vya mfanyakazi bora bado vimetundikwa sebuleni, wakati bonasi za mwaka uleule hawazikumbuki tena zilikuwa kiasi gani.

Jaribio jingine ndilo lililonigeuza shingo. Lilichapishwa mwaka 2016 na Christiane Bradler, Robert Dur, Neckermann huyohuyo na Arjan Non. Watu zaidi ya 300 waliajiriwa kwa kazi ya saa tatu, wakigawanywa katika vikundi vidogo. Kazi ikiwa imekwenda saa mbili, katika baadhi ya vikundi watatu waliofanya vizuri zaidi walipewa kadi ya shukrani, wenzao wakiona, na hakuna aliyekuwa ameambiwa mapema kwamba litatokea jambo hilo. Saa ya tatu kazi ikapanda. Na sehemu kubwa ya kupanda huko ilitoka kwa wale ambao hawakupewa kadi.

Watetezi wa tuzo wakisikia hayo hupiga meza: si mmeona? Nimeona, na nakubaliana nao, ila kwa sharti. Katika chumba kile wote walifanya kazi moja, kwa muda mmoja, kwa kipimo kimoja. Asiyepata kadi alijua kwa nini hakupata, na alijua afanye nini ili asiachwe nyuma. Kampuni nyingi haziko hivyo. Ofisa mauzo ana tarakimu kila mwisho wa mwezi. Mtunza ghala ana nini? Kazi yake ikienda sawa, hakuna kinachotokea: mzigo haupotei, dawa haziishi muda wake kwenye rafu, fundi hakosi kipuri saa nane za usiku. Ukamilifu wake hauonekani. Vivyo hivyo kwa fundi wa kompyuta aliyehifadhi nakala za mafaili ambazo hazijawahi kuhitajika, kwa karani wa mishahara ambaye hajakosea jina la mtu, kwa msimamizi wa usalama kiwandani ambaye mwaka umekwisha bila mtu kukatika kidole.

Hapa ndipo tuzo nyingi zinapopotoka, na wanaozipinga wana haki ya kulalamika. Kamati hutafuta kisa cha kusimulia, na kisa kinapatikana palipoungua. Anayekesha ofisini siku tatu kuokoa mradi uliokwama anaitwa shujaa. Mwenzake, aliyepanga mradi wake vizuri ukaisha siku iliyopangwa na yeye akawahi nyumbani kwa watoto wake, hatajwi. Hali hiyo ikijirudia miaka mitatu, walioketi wanakuwa wameshafundishwa: hapa kwetu kuzuia moto hakulipi, subiri uwake ndipo uje na ndoo. Hakuna mkurugenzi aliyetamka maneno hayo. Yametamkwa na tuzo.

Kuna utafiti ambao ningependa kila ofisa wa rasilimali watu ausome kabla ya kuagiza ngao. Timothy Gubler, Ian Larkin na Lamar Pierce walifuatilia viwanda vya kufua nguo nchini Marekani, vitano vya kampuni moja. Kimojawapo kilianzisha tuzo ya mahudhurio: ambaye mwezi mzima hakuchelewa wala kukosa kazi bila ruhusa jina lake linaingia kwenye bahati nasibu ya zawadi ndogo. Nia ilikuwa njema na gharama ilikuwa kidogo. Nani angepinga? Kilichofuata, kama walivyochapisha mwaka 2016, kinasikitisha. Watu waliwahi kazini wakati bado wana nafasi ya kushinda, wakishaipoteza, walilegea. Wengine walijifunza kupiga simu kwamba wanaumwa ili wasiharibu rekodi. Hayo tungeweza kuyavumilia. Pigo lilikuwa kwa wafanyakazi ambao kabla ya tuzo hawakuwa wakichelewa kabisa, pamoja na wale waliokuwa hodari kuliko wengine: uzalishaji wao ulishuka kwa asilimia 6 hadi 8. Kwa ujumla kiwanda kilipoteza asilimia 1.4 ya uzalishaji wake, na chanzo ni tuzo iliyokusudiwa kukisaidia.

Nimelitafakari sana kundi hilo la mwisho. Hao ni watu waliokuwa wakifika mapema miaka yote kwa sababu waliona ndivyo mtu mwenye kujiheshimu afanyavyo. Halafu siku moja wakamwona mwenzao, aliyekuwa akichelewa kila Jumatatu, akishangiliwa kwa kuwahi mwezi mmoja. Hawakupokonywa chochote mkononi. Walichopokonywa ni maana ya walichokuwa wakifanya.

Jambo la aina hiyohiyo lilijitokeza kwa wanafunzi 15,329 wa jimbo la California katika utafiti wa Carly Robinson, Jana Gallus, Monica Lee na Todd Rogers, uliochapishwa mwaka 2021. Wanafunzi waliopewa tuzo ya ghafla kwa mahudhurio mazuri ya huko nyuma walipunguza kuhudhuria baada ya kuipokea. Maelezo ya watafiti ni kwamba tuzo iliwajulisha watoto kuwa wamekuwa wakihudhuria kupita wenzao, na kupita hata shule ilivyotarajia. Kwa maneno mengine, waliambiwa kumbe wangeweza kupumzika.

Je, tuzo zifutwe? Hapana. Anayesema hivyo anasahau zile saa tatu za jaribio la Bradler na wenzake, na anasahau jinsi mtu anavyonyauka akifanya kazi miaka 20 bila kuambiwa ahsante na mtu mwenye mamlaka. Ninachopinga ni tuzo isiyoeleza. Sikiliza inavyotangazwa katika hafla nyingi: mshindi wetu ametambuliwa kwa juhudi, nidhamu na kujituma. Maneno hayo yanamfaa yeyote ukumbini, kwa hiyo hayamfai mtu. Aliyeketi hajifunzi lolote isipokuwa kwamba yeye siye. Na pengo hilo la maelezo hujazwa upesi, meza kwa meza: ni mtu wa meneja, ni zamu ya idara yao, walipigiana kura.

Linganisha na tangazo la namna hii: mwezi wa tatu dereva huyu aliliegesha gari lililojaa mzigo, akakataa kuendelea na safari kwa sababu breki hazikumridhisha, ingawa mteja alikuwa akifoka kwenye simu, fundi alipofungua akakuta kweli kuna hitilafu. Sentensi moja tu. Lakini kila dereva aliyeketi pale ameshaelewa kwamba siku akisimamisha gari kwa sababu za usalama, kampuni itakuwa nyuma yake. Hakuna warsha inayofundisha hivyo kwa sekunde 20. Tuzo hiyo wamenufaika nayo hata ambao hawajaigusa.

Kuhusu nani achague, sitakaa sana. Kura za wote humpa ushindi mchangamfu, na mpole wa chumba cha nyuma husahauliwa. Uamuzi wa meneja peke yake huzaa minong'ono hata akiwa mwadilifu. Kuzungusha tuzo idara kwa idara ni kuiua kimyakimya. Kamati ndogo yenye watu wa ngazi mbalimbali, inayopokea mapendekezo yaliyoandikwa kwa tukio na tarehe, na inayoanza kuyakusanya Januari badala ya kusubiri Novemba, itakosea pia, ila makosa yake yatakuwa na sababu zinazoweza kuulizwa. Hilo la Januari nalisisitiza. Kumbukumbu ya kamati inayokutana mwisho wa mwaka huishia miezi miwili nyuma.

Tuje kwenye hafla yenyewe, kwa kuwa wanaoitetea husema inajenga umoja. Mwaka 2007 Paul Ingram na Michael Morris walichapisha utafiti kuhusu tafrija ya watendaji wa biashara wapatao 100, kila mmoja akiwa amevaa kifaa kidogo cha kielektroniki kilichorekodi alizungumza na nani na kwa muda gani. Kabla ya tafrija wengi walisema wanataka kukutana na watu wapya. Kwa wastani, kila mgeni alikuwa akiwajua tayari kama theluthi moja ya waliohudhuria. Lakini kama nusu ya muda wake aliutumia kwa hao hao anaowajua. Hawa walikuwa watu wazoefu wa kujuana, tena walikwenda kwa nia hiyo. Sasa mfikirie karani mgeni aliyeketishwa meza moja na idara yake, muziki ukiwa juu kiasi cha kuzima mazungumzo, meza kuu ikiwa mbali kama ng'ambo ya mto. Umoja haupatikani kwa kufungiana ukumbini. Unahitaji mtu aliyekaa chini akapanga nani akae na nani, akapunguza hotuba, akawapa watu la kufanya pamoja. Mkurugenzi anayezunguka meza zote akisalimia watu kwa majina yao amefanya kazi kubwa kuliko hotuba yake ya dakika 40.

Na asiyetaka kuja? Upo ubaya wa kuhesabu mahudhurio ya hafla kama kipimo cha uaminifu kwa kampuni. Nchini Ufaransa lilifika hadi mahakama ya juu kabisa ya mashauri ya madai suala la mfanyakazi wa kampuni ya ushauri aliyeachishwa kazi mwaka 2015, moja ya sababu ikiwa ni kutojiunga na utamaduni wa kampuni wa burudani na vinywaji baada ya kazi. Tarehe 9 Novemba 2022 mahakama iliamua kwamba hilo haliwezi kuwa kosa la kumfukuzisha, kwa kuwa kukataa kwake ni sehemu ya uhuru wake wa kujieleza. Naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Mwenye mtoto mchanga, anayeuguza mzazi, asiyependa kukaa penye pombe, au aliyechoka tu na anataka kulala, hadaiwi maelezo. Hafla ikifanyika mchana, ndani ya saa za kazi, wengi wa hao wataonekana.

Ila nyuso ninazozikosa zaidi katika hafla hizi ni za watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kuja. Walinzi, wafagizi na wapishi wanaolipwa kupitia mkandarasi huingia getini kabla ya wote na kutoka baada ya wote, lakini majina yao hayamo kwenye orodha ya rasilimali watu, na orodha ya mialiko hunakiliwa kutoka huko. Wengine huwepo ukumbini usiku huo, wakiwa kazini, wakikusanya sahani za wenzao wa mwaka mzima. Kamati inayoanza maandalizi sasa ichukue orodha ya pili, ya mkandarasi, iiweke pamoja na ya kwanza, kisha iangalie nani yuko zamu tarehe hiyo na nani anaweza kumpokea kwa saa mbili.