Kipupwe cha Mwanza Hakimpumzishi Mtu

Kila mwaka ifikapo Juni, redio huanza kututangazia kwamba kipupwe kimeingia na kwamba wananchi wajikinge na baridi. Mimi huisikiliza taarifa hiyo nikiwa na fulana ya ndani peke yake, kwa sababu nafahamu kwamba wanaoambiwa hasa ni ndugu zetu wa Njombe na Makete, ambako mtu huamka asubuhi ya Julai akakuta umande umeganda juu ya majani ya viazi. Sisi wa Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, kwenye ukingo wa ziwa lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na baridi yetu haina ushahidi wa kutosha kufikishwa mahakamani. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi za Selsiasi, mchana likapanda tena hadi 28, na habari ya kipupwe ikaishia hapo.

Hata hivyo watu wamekwisha kukubaliana kwamba baridi ipo. Pita kituo chochote cha bodaboda, kuanzia Igoma hadi Nyegezi, utamkuta kijana amejifunika koti zito la mtumba alilolipata Mlango Mmoja, lenye kofia ya manyoya na zipu mbili, koti ambalo bila shaka lilishonwa kwa ajili ya mtu anayeondoa theluji mlangoni kwake huko Kanada. Saa saba mchana bado amelivaa, jasho linamtoka puani, na ukimuuliza anakujibu kwa heshima zote kwamba upepo wa barabarani si mchezo, mzee wangu. Wala simlaumu. Koti limemgharimu fedha, na mwaka una miezi michache ya kulionyesha.

Udogo wa baridi hiyo ningeuvumilia, lau ungekuja pamoja na ruhusa ya kupumzika. Hapo ndipo ninapowaonea wivu watu wa Ulaya, ambao kila Desemba hulalamika kuhusu jambo ambalo mimi ningelipia nauli kulifuata. Mjini London, katikati ya mwezi huo, jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Huko Tromsø, kaskazini mwa Norwe, halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Katika hali kama hiyo, ni mke gani atakayemwamsha mumewe saa kumi na mbili asubuhi amwambie apande kwenye paa kupigilia misumari? Paa lenyewe lina theluji, na hiyo asubuhi haijulikani iko wapi. Mwanamume wa huko huvuta kiti karibu na moto, huweka miguu juu, hushika kitabu, na hakuna anayemshangaa, kwa kuwa mbingu zenyewe zimekwisha kumwandikia cheti.

Sisi mbingu hazituandikii chochote. Tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote hapa Mwanza haifiki hata dakika 20, kwa hiyo jua letu hufika karibu na saa moja asubuhi na kuondoka karibu na saa moja jioni, Januari kwa Desemba, kama karani anayeogopa kukatwa mshahara. Likiwa limewaka hivyo, mtu mzima hana mahali pa kujificha. Ukionekana umekaa barazani siku ya kazi, anayepita atakusalimia, ataitikiwa, atakwenda hatua chache, kisha atarudi kukuuliza kwa sauti ya chini: “Mzee, unaumwa?” Ukisema hapana, huruma yake inaongezeka, kwa sababu sasa ameelewa kwamba umefukuzwa kazi.

Nilidhani sheria ingenikinga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na mimi mwaka huu niliomba yangu ianze Julai, kwa hesabu kwamba nitakaa nyumbani Bugarika, nitakunywa chai ya tangawizi, nitasikiliza taarifa ya habari hadi mwisho wake, na nitautazama mlima. Waliotunga sheria hiyo walimfikiria mwajiri peke yake. Hawakumfikiria mke, hawakuufikiria ukoo, na hakuna kifungu hata kimoja kinachozungumzia maneno mawili ambayo yamenimalizia likizo: “maadam upo.”

Baba Neema, maadam upo, lile karo la choo cha nje limejaa. Baba Neema, maadam upo, shangazi anakuja kutoka Magu na mizigo, itabidi umpokee stendi. Baba Neema, maadam upo, fundi wa bomba anasema hawezi kufanya kazi bila mtu wa kumshikia tochi. Juu ya hayo, Julai ndio mwezi ambao mavuno yamekwisha kuingia ghalani na kila kijana wa ukoo ameamua kuoa, na kamati za harusi zina pua. Hunusa mtu aliye likizo kutoka ng'ambo ya ziwa. Kikao cha kwanza nilihudhuria kwa ajili ya soda. Nilipotoka nilikuwa mweka hazina, mwenye daftari la ahadi za watu ambao wakiona namba yangu kwenye simu huwa wako msibani, wote kwa pamoja, kila jioni.

Nilijaribu kujitetea kwa njia ya elimu. Nilimweleza Mama Neema kwamba mwanzoni mwa Julai dunia huwa mbali zaidi na jua kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, kilomita zipatazo milioni 152, ambazo ni milioni tano zaidi ya Januari, na kwamba ni jambo la kimaumbile mwili wa binadamu kutaka kutulia katika umbali huo. Mama Neema hakusema kitu. Aliyesema ni binti yetu aliye kidato cha tatu, ambaye aliinua macho kutoka kwenye sufuria ya ugali akafafanua kwamba umbali hauhusiki, kwamba majira hutokana na mhimili wa dunia ulioinama nyuzi 23 na nusu, na kwamba Julai hiyohiyo huko Ulaya ni kiangazi na watu wanaoga baharini. Ada ya shule ninalipa mimi, na ushahidi unatolewa upande wa mama yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mapumziko ya msimu huu si jambo geni kwetu. Wazee wa Usukuma walilima mvua ziliponyesha, wakavuna, na mara ardhi ilipokauka wakaweka majembe chini wakaingia kwenye ngoma. Hadi leo, kila Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, Bulabo huchezwa Bujora, kule Kisesa. Wagika hukaa upande wao na Wagalu upande wao, kila kundi na manju wake na dawa zake, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi waache kumtazama mwenzake. Wapo wanaocheza na chatu mabegani. Sijapata kusikia kwamba mtu mwenye chatu mabegani aliwahi kufuatwa na mtu akamwambia njoo utazame karo, maadam upo.

Tazama hata wavuvi wa dagaa. Kazi yao ni ya giza, kwa sababu dagaa hufuata taa, na taa haina maana mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo mwezi unapokaribia kupevuka mitumbwi huvutwa nchi kavu, nyavu zikashonwa, na wanaume wazima wakalala mchana kweupe hapo Mwaloni, Kirumba, bila mtu kuwauliza kama wanaumwa. Wao wana mwezi wa kuwaombea ruhusa. Mimi nina karatasi ya likizo yenye mhuri, na mhuri hauonekani kutoka barabarani.

Kwa hiyo nilihamia nyuma ya nyumba. Wanaoifahamu Bugarika wanajua kwamba sisi hatukujenga juu ya mlima, tulijipenyeza tu katikati ya mawe, na nyuma ya jiko letu lipo jiwe moja refu kuliko nyumba yenyewe, lenye ufa wa kutosha kupitisha mkono. Katika ufa huo wanakaa mijusi wale wa mawe, ambao dume lake lina kichwa, shingo na mabega ya wekundu unaokaribia waridi, na kuanzia hapo kwenda mkiani ni buluu tupu, wakati majike yamevaa rangi ya kahawia na hujui kama unatazama mjusi au jiwe. Wanasayansi wanamwita Agama mwanzae, jina alilopewa mwaka 1923 na Arthur Loveridge, mtaalamu wa wanyama kutoka Uingereza. Watalii hulipa kiingilio cha Serengeti, wakasafiri kwa vumbi, wakampiga picha akiwa juu ya mwamba wa huko. Mimi ninaye bure, na jina la mji wangu amelibeba yeye.

Naomba nimweleze dume wa kwetu kama ninavyomjua. Asubuhi ya kipupwe hatoki mapema. Jua likiwa limepiga juu ya jiwe kwa muda, kwanza huonekana pua, halafu jicho moja, na hapo husimama, kana kwamba anasoma hali ya hewa kabla ya kujitokeza. Kisha hujivuta kidogo kidogo hadi kwenye sehemu yenye mwanga, hujilaza bapa, tumbo limegusa jiwe, vidole vimetawanywa, na wekundu wake bado umefifia. Mwili wake hautengenezi joto la kutosha. Hulichukua juani na kwenye jiwe, na mpaka alipate hawezi kukimbia wala kupigana, kwa hiyo hajaribu. Hakuna jike linalomfuata kumwambia maadam upo. Rangi ikishakolea, hupanda kileleni akaanza kupiga pushapu kwa miguu ya mbele, kichwa juu, kichwa chini, akiwaonya madume wengine na kuwajulisha majike kwamba ofisi imefunguliwa. Akipita mdudu, anamchukua. Jua likizidi, anaingia kivulini. Mimi nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na sijaona ratiba iliyopangwa vizuri kuliko hiyo.

Nikaanza kuandika katika daftari: ametoka saa ngapi, amepata rangi saa ngapi, amemfukuza nani. Ni starehe ndogo, haina gharama, haina pombe, na ningetarajia mtaa uniache nayo. Lakini mtu mzima anayesimama katikati ya mawe ya Bugarika akiwa na daftari, akitazama mpaka wa kiwanja na kuandika, hawezi kuwa anaandika mijusi. Siku ya pili yake habari zilikuwa zimefika hadi chini barabarani kwamba nimepata kazi mpya ya kuthamini nyumba kwa ajili ya fidia, na kwamba barabara itapita hapo. Jirani wa juu alipanda migomba usiku, juu ya mwamba mtupu, kwa udongo aliobeba kwa ndoo. Jirani wa upande wa kushoto, ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kuniitikia salamu vizuri, alinipigia “mwangaluka” kutoka mbali, akaniletea sato aliyekwisha kuparwa magamba, akaniomba nisisahau kuandika banda la kuku. Nilimweleza ukweli, kwamba natazama mjusi. Alicheka sana, akaniambia anaelewa, mambo ya serikali ni siri, na akaongeza sato wa pili.

Samaki hao walinifurahisha kwa jioni moja, kwa sababu Mama Neema, alipoona jinsi jiwe lile linavyozungumzwa, naye alilitazama kwa mara ya kwanza. Yeye hakuona mjusi wala fidia, aliona kokoto. Kwa muda mrefu ametaka jiko lipanuliwe, kokoto zimepanda bei, na huku nyuma ya nyumba tumekalia mlima mzima wa kokoto ambazo hazijapasuliwa. Maadam nipo, akasema, nitasimamia. Fundi aliletwa, akalizunguka jiwe, akaligonga kwa nyundo sehemu tatu akisikiliza, akaeleza kwamba ataliwashia moto wa matairi juu yake hadi lipasuke tabaka la kwanza, na mengine yatakuwa kazi ya mikono. Muda wote huo dume lilikuwa kileleni linapiga pushapu, na fundi akanipongeza kwamba nyumba yangu ina mjusi mwenye afya.

Nilitoa hoja zote nilizokuwa nazo. Nilitaja Loveridge, nilitaja Serengeti, nilitaja moshi na nguo zilizoanikwa, na hiyo ya nguo ndiyo peke yake iliyosikilizwa, kwani iliamuliwa kwamba siku hiyo hakuna atakayefua. Mwishowe tulipatana kuhusu upande: utapasuliwa upande wa chini, unaotazama jiko, na ufa utabaki. Fundi anapenda kuanza Jumatatu saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Nimemwomba aje saa nne, kwa kuwa saa moja wenye jiwe watakuwa hawajapata joto la kutosha kukimbia, na yeye amekubali kwa sharti kwamba chakula cha mchana kitakuwa juu yangu. Mama Neema ameuliza kitapikwa na nani, ikiwa jiko litakuwa na moshi wa matairi, na hapohapo amekumbuka kwamba nipo.