Mashine ya Pipi Imefika Moshi

Jumamosi iliyopita nilikaa saa tatu na nusu kwenye benchi la darasa la tatu, magoti yamegusana na kidevu, nikihudhuria kikao cha wazazi. Shule siitaji. Iko Moshi, na wenye watoto pale wanajijua. Dada yangu alikuwa safarini, nikaenda kwa niaba ya mpwa wangu aliyeko darasa la tano. Ajenda ya kwanza, vyoo: dakika kumi. Ya pili, uji: dakika tano, uji hauna wapinzani. Ya tatu, vishikwambi. Hapo jua likatufuata mpaka tukahamisha mabenchi mara mbili.

Kila mzazi shilingi 45,000, kila mtoto chake. Alikuja mgeni amevaa suti kamili, na nyote mnalijua joto la Moshi la mwezi wa pili, akasema "elimu ya kisasa" mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuhesabu na nikaishia kumi na moja. Kisha akamwita mtoto mmoja mbele atuonyeshe. Swali likatokea: 7 mara 8 ni ngapi? Chini yake majibu manne. Mtoto akabonyeza A, kioo kikawa chekundu. B, chekundu. C, chekundu. D, kijani! Nyota zikamwagika, muziki ukalia, wazazi tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, sijui kwa nini. Mkono unafuata mkono.

Yule mtoto hakuijua 7 mara 8 alipoanza, na hakuijua alipomaliza. Alichokijua ni kwamba herufi ziko nne, na mwenye subira hufika kwenye nyota.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza: mtoto akikosea, hiki kifaa kinajua amekosea kwa sababu gani? Mgeni akatabasamu: "Swali zuri sana mzazi, kila kitu kipo kwenye mfumo." Jirani yangu wa benchi akanivuta shati. "Mangi, lipa tu. Harusi ya wiki jana ulitoa laki bila kuuliza keki ina mayai mangapi." Hapo alinishika.

Nieleze kidogo kwa nini niliondoka na hasira. Kabla sijafungua hii steshenari nilifundisha hisabati sekondari miaka saba, upande wa Arumeru. Shule yetu ilikuwa na kompyuta kumi. Zilifunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, ufunguo ukawa kwa mkuu wa shule, na somo lilifanyika darasa la jirani, ubaoni, kwa chaki. Nilimkuta mwenzangu amechora kipanya kizuri sana chenye mkia, wanafunzi wananakili: kipanya ni kifaa cha kuingizia taarifa. Wakafaulu. Hakuna aliyekuwa amekishika.

Na sisi walimu tulitoka wapi? Chuoni, kwenye saikolojia ya elimu, tulipewa wanasaikolojia waliochunguza kujifunza kwa kutumia wanyama: mbwa wa Pavlov, paka wa Thorndike, njiwa wa Skinner, mbuga nzima. Kisha tukapewa Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, na hatua zake nne za kukua kwa akili ya mtoto: miaka 0 hadi 2, 2 hadi 7, 7 hadi 11, na 11 kuendelea. Huyu ni mtu aliyetumia maisha yake kuonyesha kwamba mtoto hajazwi maarifa kama debe, anayajenga mwenyewe kichwani. Sisi tukamkariri. Usiku wa kuamkia mtihani nilikuwa nazunguka bwenini nikiimba hatua za Piaget kama jedwali la kuzidisha. Nilipata alama nzuri.

Sasa turudi kwenye hicho kifaa "cha kisasa". Miaka ya 1920, Marekani, Chuo Kikuu cha Ohio State, profesa wa saikolojia aitwaye Sidney Pressey alitengeneza mashine ya chuma. Swali linajitokeza kwenye kidirisha. Vitufe vinne. Ukiiweka upande wa kufundishia, mashine haisogei kwenda swali linalofuata mpaka ubonyeze kitufe sahihi. Na nisikilizeni vizuri hapa: aliiongezea kifaa kidogo cha kutoa pipi. Ukifikisha idadi ya majibu sahihi iliyopangwa, pipi inadondoka.

Majibu manne. Bonyeza mpaka ipatikane. Pipi.

Toa chuma weka kioo, toa pipi weka nyota, umepata mapinduzi ya elimu ya shilingi 45,000 kwa kila mzazi. Umri wake ni kama miaka mia. Babu yangu kule Kibosho alikuwa bado hajaoa.

Mtasema Skinner ndiye wa kulaumiwa. Walimu wengi tuliosoma nadharia humtupia yeye kila kitu, na mimi nilikuwa hivyo, ila lazima nimtendee haki hata kama inaniuma. Mwaka 1953 Skinner alitembelea darasa la hisabati la binti yake. Aliona watoto wanafanya maswali wasijue kama wamepata au wamekosa, waliomaliza wanasubiri, waliokwama wamekwama. Akaenda akatengeneza mashine yake ya kufundishia. Na kwenye mashine ya Skinner mtoto hachagui jibu kati ya manne. Anaandika jibu lake mwenyewe. Alizikataa hizi A, B, C, D kwa hoja kwamba kumwonyesha mtoto majibu ya uongo yaliyopambwa yafanane na kweli ni kumpandikizia makosa kichwani. Kwa hiyo kifaa tulichoonyeshwa Jumamosi hata yule mtu wa njiwa asingekipitisha. Tumekwenda nyuma ya Skinner, tena kwa kulipia.

Na ndiyo, mazoezi ya kurudiarudia yana kazi yake. Jedwali la kuzidisha sharti likae kichwani, ukitaka ujue kalisimamie soko la Mbuyuni uone. Na kifaa hakimchapi mtoto wala hakimcheki mbele ya wenzake. Hilo nalikubali. Tusonge.

Kinachonikera hasa ni kwamba kifaa hiki kinalichukulia kosa kama taka. Chekundu, tupa, endelea. Lakini kosa ndiyo dirisha pekee la kuchungulia mtoto anafikiri nini! Mtoto anayeandika 32 toa 17 ni 25 hajabahatisha. Ana kanuni. Kule kwenye mamoja ameona 2 na 7, akatoa namba ndogo kwenye kubwa, 7 toa 2, tano. Kwenye makumi, 3 toa 1, mbili. Ishirini na tano. Kazi safi, kanuni mbovu. Mpe 41 toa 26, atakuletea 25 tena, kwa kujiamini kabisa. Mwalimu aliyekaa naye dakika mbili na kumwambia "hebu nionyeshe umefanyaje" analiona hilo na kuling'oa. Mwalimu mwenye watoto tisini hazipati hizo dakika mbili, najua, nilikuwa huyo mwalimu, nilikuwa naweka mikasi nyekundu, zile alama za kukosa, kwenye madaftari mpaka vidole vinakufa ganzi. Basi kama kuna kazi moja ambayo ningefurahi kuona mashine inanisaidia, ni hiyo ya kunionyesha mtoto amekosea KWA NJIA GANI. Badala yake nimeletewa mashine inayoweka mikasi nyekundu haraka kuliko mimi, na inacheza muziki.

Wapo waliofikiri tofauti, na mapema. Mwaka 1967 tarehe 5 mwezi wa pili, hapa jirani, likatoka Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, akilalamikia shule inayomfundisha mtoto kupokea na kurudisha alichopewa. Alitaka akili ya kudadisi. Mwaka huohuo wa 1967, kule Massachusetts, Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na Seymour Papert wakatengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Papert alikuwa Mwafrika Kusini mzaliwa wa Pretoria, na kabla ya hapo alifanya kazi na Piaget mwenyewe kule Geneva. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuisema: mashine nyingi zinamwendesha mtoto, yeye anataka mtoto aiendeshe mashine. Kukawa na kobe, kwanza wa roboti anayetembea sakafuni, baadaye wa kwenye kioo. Mtoto anampa amri: mbele hatua kadhaa, geuka nyuzi kadhaa. Kobe akienda kombo, hapigwi kengele nyekundu. Mtoto anarudi kwenye amri zake kutafuta zilipoharibika.

Sidai kwamba Nyerere na Papert walijuana. Nasema tu kwamba tulipokuwa tunaweka Elimu ya Kujitegemea kwenye ukuta wa ofisi ya mkuu wa shule, lugha ya kompyuta inayoendana nayo ilikuwa tayari imeshabuniwa. Sisi mwaka 1974 tukapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Huwa nacheka sana nikiwasimulia vijana wanaokuja kuchapisha wasifu hapa dukani. Jumamosi sikucheka sana.

Wafuasi wa Papert nao wasijione. Mwaka 2005 ilitangazwa ile laptop ya dola 100 kwa kila mtoto, ikaja kugharimu karibu mara mbili yake. Peru wakanunua kwa mamia ya maelfu, na tathmini iliyotoka 2012 haikuona tofauti kwenye alama za hisabati wala za lugha. Walidhani sanduku likifika kijijini nadharia itatoka yenyewe ndani ya boksi, pamoja na chaja.

Hapo sijagusa umeme wala bando. Wala hilo la "kila mtoto chake", ambalo Vygotsky, mwanasaikolojia aliyesema mtoto hujifunza kwa kushirikiana na wengine, angelipinga bure kabisa: wape watatu kimoja wagombane juu ya jibu, mtapata mengi.

Nililipa. Risiti ninayo. Ila Jumapili nilimchukua mpwa wangu uani kwa mama yake pale Pasua, nikamwambia mimi ni kobe, kobe asiye na akili, natii tu. Nichoree pembetatu yenye pande sawa. Akacheka kwanza. Kisha: "Anko, nenda mbele hatua tano." Nikaenda, chaki mkononi, mgongo umepinda. "Geuka nyuzi 60." Kwa sababu shuleni amekariri kwamba pembe ya pembetatu hiyo ni 60. Nikageuka. Hatua tano, geuka 60, hatua tano. Mistari mitatu imekwisha na pembetatu haijafunga. Akasema endelea, utafunga tu. Nikaendelea. Tukapata umbo la pande sita, kama nati ya baiskeli.

Alinuna. Akasema nimegeuka vibaya. Akaninyang'anya chaki akawa kobe mwenyewe, akafika kwenye kona, akasimama muda mrefu ameangalia miguu yake. "Anko, kumbe ninayogeuka siyo ile ya ndani. Ni ya nje." Kimya. "Mia na ishirini?" Sikumjibu. Akatembea. Ikafunga.

Hakuna nyota iliyomwagika, ila alipiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani kuuliza kulikoni.

Nina laptop kuukuu dukani, nimeiwekea Scratch, programu ya watoto kuipa kompyuta amri, ile ya watu wa chuo cha MIT kule Marekani ya mwaka 2007, mjukuu wa yule kobe, inapatikana bure. Nimemwambia akimaliza kazi za shule aje. Lakini amekataa kuondoka uani kwanza, maana ameuliza kobe anachoraje duara na sijamwambia. Amefikia hatua ndogondogo, kisigino kwenye kidole. Nusu boksi la chaki limekwisha, na dada yangu amerudi safari, amenipigia simu jana usiku kuuliza nani ataufagia ule uwanja.