Usitupe simu za zamani, jozi ya shaba bado ina kazi

Ofisi nyingi za Arusha na Moshi zinapohamia kwenye simu za intaneti huanza kwa kosa lilelile: zinahesabu simu zote zilizopo, kisha zinaagiza simu mpya za IP kwa idadi hiyohiyo. Bei ikifika, bosi anashika kichwa na mradi unalala. Naona hesabu hiyo imekosewa tangu mwanzo. Anayekaa na kompyuta na kuhamisha simu kutwa nzima, huyo mnunulie simu ya IP. Chumba cha hoteli, jikoni, karakana, stoo na kibanda cha askari, acha simu zilezile za waya mbili. Toa PABX ya zamani (mtambo wa kugawa simu za ndani) iliyoko upande wa pili wa waya, weka getiwei ya sauti, kisanduku kinachounganisha simu za waya na mtandao wa kompyuta.

Umbali peke yake unatosha kuwa sababu. Waya wa mtandao wa kompyuta una kikomo cha mita 100. Sasa chukua shamba la kahawa pale Kibosho, geti liko mita 600 kutoka ofisini. Ukitaka simu ya IP getini utachimba mtaro wa mkongo, utaweka swichi kibandani, na swichi hiyo itataka umeme. Jozi ya shaba, yaani zile waya mbili za simu, yenye unene wa milimita 0.5 ina ukinzani wa kama omu 176 kwa kilomita, kwenda na kurudi; kwa mita 600 ni omu 105 hivi, kitu kidogo. Umeme wa simu unatoka ofisini kupitia waya huohuo. Ila soma karatasi ya vipimo kabla ya kulipa: adapta, yaani getiwei ndogo za poti (tundu la simu) moja au mbili, zimetengenezwa kwa ajili ya chumba kimoja, si kwa kusukuma kengele hadi getini.

Kabla ya kununua chochote, pita uone simu zenyewe. Simu ya kawaida kama Panasonic KX-TS500 itafanya kazi kwenye getiwei yoyote. Zile zenye kioo na safu ya vitufe vya laini, mfano KX-T7730 zilizokuja na PABX ya KX-TES824, ni za PABX yenyewe. Ukizichomeka kwenye getiwei zinakaa kimya. Hizo ndizo za kubadilisha. Na kama bado una simu ya kuzungusha namba kwa kidole, hakikisha getiwei inaelewa mapigo, yaani mikato mifupi ya laini inayohesabiwa kuwa tarakimu, maana baadhi zinaelewa toni tu.

Kosa la gharama kubwa ni kuchanganya aina mbili za poti, FXS na FXO. Poti ya FXS inatoa: volti 48 hivi za DC simu ikiwa imelazwa, na inapoita hupanda hadi kama volti 75 hadi 90 za AC. Hapo ndipo inachomekwa simu. Poti ya FXO inapokea: hapo inaingia laini ya TTCL au poti ya ndani ya PABX nyingine. Ukichomeka laini ya nje kwenye FXS, pande mbili zote zinatoa umeme na moja inaweza kuungua. Chukua mita, pima waya kabla ya kuuchomeka. Plagi ya simu pia inaingia vizuri kabisa kwenye tundu la swichi ya mtandao, na volti za kengele hazina huruma na swichi.

Kwa simu 20 sishauri adapta kumi za poti mbilimbili zilizosambaa juu ya meza za watu. Kila moja ina kichaji chake, anwani yake na nywila yake, na mfanya usafi ataing'oa moja ili achomeke birika. Nunua getiwei moja ya poti 24, ikae kwenye kabati pale nyaya zote zinapokutana. Nyingi za ukubwa huo zina kiunganishi cha pini 50 kinachobeba jozi 25. Kiishie kwenye vipande vya kroni (vya kuunganishia nyaya) vya jozi kumi kumi. Mpangilio wa rangi ni nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, na kila moja inakwenda kwa zamu na bluu, chungwa, kijani, kahawia na kijivu. Fundi akiruka jozi moja tu, simu zote zinazofuata zinahama: aliyepiga chumba 207 anajibiwa na 208. Weka lebo kabla ya kukata chochote.

Upande wa programu, kila poti inajisajili kwenye seva ya simu, inayochukua kazi ya PABX, kama akaunti moja ya SIP (lugha ya simu za intaneti) yenye namba yake ya ndani. Hapa kuna mtego ambao hoteli zinauingia sana. Vyumba vya ghorofa ya kwanza vinaitwa 101 hadi 120, na namba ya simu inafuata namba ya chumba. Chumba 112 sasa kimegongana na namba ya dharura ya polisi, na 114 kimegongana na zimamoto. Anzisha namba za ndani kwa 2 au kwa tarakimu nne, na acha 112 na 114 zitoke nje bila kizuizi.

Lalamiko jingine ni hili: "Nikipiga, simu inakaa kimya sekunde nne ndiyo iite." Getiwei inasubiri kuona kama utaongeza tarakimu, kwa sababu hakuna aliyeiandikia ramani ya namba. Iambie wazi: 2 na tarakimu mbili ni ya ndani, piga mara moja, 06 au 07 na tarakimu nane zaidi ni simu ya mkononi, 027 na tarakimu saba ni simu ya mezani ya kanda yetu. Zinazoanza na 000, za nje ya nchi, ndizo pekee zenye urefu usiotabirika. Hizo ziache zisubiri.

Kitufe cha R cha kuhamisha simu nacho kina maudhi yake. Simu nyingine hukata laini kwa milisekunde 100, nyingine 600. Getiwei iliyopangwa kutambua kuanzia 300 haitaona ile ya 100, na mhudumu atakwambia mfumo mpya "hauhamishi". Shusha kikomo cha chini hadi 80 hivi. Kama umewasha upigaji wa mapigo, uzime kwanza, maana mkato mfupi wa namna hiyo utahesabiwa kuwa tarakimu 1.

Mwangwi mara nyingi ni ukinzani wa poti kutolingana na simu: jaribu omu 600, kisha ule ukinzani wa mchanganyiko unaotumika Ulaya, usikilize. Mfumo wa kugeuza sauti kuwa data uwe G.711 ya A-law. Simu moja inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo simu kumi kwa pamoja hazifiki megabiti moja. Upana wa intaneti si shida. Shida ni mtu anayepakua filamu. Ipe sauti VLAN yake (njia iliyotengwa ndani ya mtandao) na alama ya kipaumbele ya DSCP 46. Seva ikiwa nje ya ofisi na mmoja anasikia, mwingine hasikii, anza kwa kuzima SIP ALG kwenye ruta, kile kipengele kinachobadilisha ujumbe wa SIP njiani.

Faksi, kama kuna anayeing'ang'ania, ipe poti yake: T.38 (njia ya kupitisha faksi kwenye intaneti) ikikubaliwa pande zote, kasi ya biti 9600 kwa sekunde, na uzime ukandamizaji wa ukimya. Lifti na king'ora usivihamishie kwenye mfumo huu bila kuvijaribu.

Umeme ukikatika, getiwei, swichi, ruta na seva lazima viwe kwenye UPS moja. Hapo simu za zamani zinang'ara, kwa kuwa zinakula kutoka kabatini na hazihitaji kingine.

Halafu kuna radi. Waya wowote unaotoka nje ya jengo, kama ule wa geti, ni njia ya radi wakati wa masika. Weka vizuia radi vya gesi kwenye kroni pande zote mbili, na waya wa ethi wa kijani na njano ulio mfupi na mnene hadi kwenye ethi ya jengo. Kizuia radi kisicho na ethi ni pambo. Nyaya hizo zinazotoka nje ya jengo ziweke kwenye getiwei ndogo ya peke yake ikiwezekana, ila si adapta ya chumba kimoja, ili geti likipigwa vyumba viendelee kuita. Ikishindikana, acha poti tatu au nne wazi kwenye ile ya 24. Siku poti ya geti itakapokufa, utahamishia jozi hiyo kwenye poti nyingine, ubadilishe akaunti, na askari apigiwe kabla ya chai ya saa nne.