Spea haijafika ila bei ya tiketi ni ile ile

Kuna jambo linaniudhi kwenye hizi paki za burudani za huku Marekani na naona watu wengi wamelizoea tu. Mmeendesha gari masaa, watoto njia nzima wanabishana nani atakaa siti ya mbele, mnalipa, mnaingia, mnafika kwenye ile rolakosta kubwa iliyowaleta, yaani treni ya kubembea inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli za juu, mnakuta geti limefungwa mnyororo na kibao kidogo kimeandikwa imefungwa kwa muda. Ukimuuliza kijana aliyesimama pale anakujibu kwa adabu kabisa kwamba wanasubiri spea. Inatoka wapi, inafika lini, hajui, na wala simlaumu maana wengi wao ni wanafunzi wa kazi za kiangazi, hakuna bosi aliyekuja kumweleza.

Mimi nasema hivi: kusubiri spea ni sawa kabisa, tena ni lazima. Kisicho sawa ni kuendelea kuuza tiketi kama vile hakuna kinachosubiriwa. Na hii ya kukosa spea mara nyingi ni uamuzi, kuna mtu ofisini alipiga hesabu akaona hela isilale stoo.

Tuchukue mfano unaojulikana. Cedar Point, pale Sandusky, Ohio, ndo paki ambayo sisi Waafrika Mashariki wa Columbus na Cleveland na Dayton tunaikimbilia shule zikifungwa. Walikuwa na rolakosta ya Top Thrill Dragster tangu 2003, mnara wa mita 128, treni inarushwa kwa spidi ya karibu kilomita 193 kwa saa. Agosti 2021 kipande cha chuma kikachomoka kwenye treni kikampiga mama aliyekuwa kwenye foleni chini, akaumia vibaya sana, na mchezo ukafungwa. Ikaja kazi kubwa ya kuujenga upya, kampuni ya Zamperla ya Italia wakatengeneza treni mpya, ukabatizwa Top Thrill 2, ukatangazwa kama ndo kivutio cha mwaka. Ukafunguliwa mwanzoni mwa Mei 2024. Baada ya kama wiki moja tu ukafungwa, ikasemwa treni zinahitaji marekebisho ya kimakanika kutoka kwa mtengenezaji. Watu wakasubiri Juni, wakasubiri Julai, mwisho ikatangazwa kwamba msimu wote wa 2024 haufunguki, na kweli watu wamekuja kuupanda tena 2025.

Sasa fikiria familia iliyokata pasi ya msimu kwa sababu ya mchezo huo. Na watoto wana kitu chao kingine, urefu, kuna mtoto amesubiri miaka mpaka kichwa kifike kwenye ule mstari wa kipimo, siku kimefika ndo geti limefungwa. Mkubwa anaweza kusema tutakuja mwakani, lakini kwa mtoto wa miaka kumi mwakani ni mbali sana, na mzazi naye hajui kama mwakani hela itakuwepo.

Kuna wanaosema wafungue tu, mafundi wanaogopa kupita kiasi. Hapo siko nao hata kidogo. Ohio hii hii, Julai 2017, kwenye maonyesho ya jimbo pale Columbus, mchezo wa Fire Ball ulikatika ukiwa hewani, kijana wa miaka 18 akafa na wengine wakajeruhiwa. Mtengenezaji alisema kutu ilikuwa imekula nguzo kwa ndani, unene wa chuma ukapungua mpaka kikashindwa kubeba. Kutu ya ndani huioni kwa macho, na mchezo ulikuwa umekaguliwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo fundi akisema hiki kipande sikiamini mpaka kije kipya chenye cheti chake, huyo fundi apewe heshima yake na asisumbuliwe na meneja anayeangalia mauzo.

Na spea yenyewe si kitu cha kwenda kununua dukani. Toyota ikiharibika unashuka Gerezani Kariakoo, hukosi, kama si mpya basi ya mtumba. Rolakosta nyingi kubwa zimechorwa moja moja, ekseli ya hii haiingii kwenye ile, na watengenezaji wenyewe duniani wanahesabika: B&M wako Uswisi, Intamin wako Liechtenstein, Vekoma Uholanzi, Mack na Gerstlauer Ujerumani, Zamperla Italia, wachache huku Marekani. Halafu paki za huku kaskazini zinafunga baridi ikiingia, na wakati huo ndo treni zinafunguliwa zote mpaka zinabaki fremu tupu, vipande muhimu vinapimwa kwa unga wa sumaku au mawimbi ya sauti kutafuta nyufa. Ufa ukionekana Januari, oda inaenda kiwandani wakati ambao paki nyingine nazo zimefungua treni zao na zimeona nyufa zao. Kipande kifuliwe, kichongwe, kipimwe, kiandikiwe karatasi, kisafirishwe, kikaguliwe tena kikifika. Mei hiyo imefika na watu wako getini.

Ukipata nafasi ya kusogea karibu na treni iliyosimama stesheni angalia boliti zake. Nyingi zina mstari mwembamba wa rangi uliochorwa kuanzia kwenye nati mpaka kwenye chuma kinachoshikwa. Asubuhi fundi anapita na tochi anaangalia ile mistari, ikiwa imenyooka nati haijageuka, ikiwa imekatika katikati basi kuna kitu kimelegea. Angalia na magurudumu, ile mpira wa juu si mpira bali ni polyurethane iliyomiminwa juu ya gurudumu la chuma au aluminiamu, joto la Julai likizidi inaanza kuvimba na kubanduka vipande. Haya magurudumu wanayaweka mengi maana wanajua yataisha. Kwa hiyo kuweka akiba wanaweza, ila wanaweka ya vile vya bei ndogo, vile vya bei kubwa wanaomba Mungu.

Mwaka 2005 rolakosta ya Kingda Ka, kule paki ya Six Flags Great Adventure, New Jersey, mita 139 kwenda juu, ndo ilikuwa na kimo kuliko zote duniani, ilifunguliwa Mei na Juni ikafungwa kwa sababu ya boliti iliyofeli kwenye njia ya ile kebo ya kuirushia treni, kebo ikasuguana na vitu, uharibifu ukasambaa. Imefunguliwa tena Agosti. Karibu miezi miwili ya kiangazi, na chanzo ni boliti. Baadaye iliendelea kufungwa fungwa miaka yote mpaka wakaistaafisha 2024, na Februari 2025 mnara ukaangushwa kwa baruti.

Wakati huo huo pale pale Cedar Point kuna Blue Streak, rolakosta ya mbao ya mwaka 1964, ubao ukichoka fundi seremala anapanda na misumari yake anabadilisha. Kuna Magnum ya 1989, iliyotengenezwa na Arrow, kampuni iliyofilisika 2001, na bado inapandisha watu kila kiangazi, maana ni mnyororo na mota ya kuipandisha juu halafu yenyewe inashuka kwa uzito wake. Simaanishi tusijenge vipya, mimi mwenyewe napenda sana kurushwa. Namaanisha anayenunua mashine ya mamilioni ya dola ajue siku ya kusaini kwamba ananunua na utegemezi kwa kiwanda kimoja kilicho ng'ambo ya bahari, basi mkataba uwe na seti ya vile vipande vigumu kupatikana, vikae stoo kabla mtu wa kwanza hajapanda. Wakati wa korona tuliona wote meli zimekwama na chipu hazipatikani, hakuna wa kusema hakujua.

Na kwa sisi tunaolipa, ninachotaka ni kidogo tu. Kwenye ukurasa wa kununua tiketi, juu kabisa kabla ya kuweka namba ya kadi, iandikwe mchezo gani umefungwa, tangu lini, na kama spea haitarajiwi kabla ya tarehe fulani iandikwe hivyo hivyo. Paki nyingi hizo habari zinazo, zinaziweka kwenye programu ya simu ambayo unaifungua ukiwa umeshaegesha gari na umeshalipia maegesho. Aliyekata pasi ya msimu kwa ajili ya mchezo uliokuja kufungwa msimu mzima arudishiwe sehemu ya hela yake bila kwenda kubembeleza dirishani, maana majina na kadi zetu wanazo.